Mtu Aliyerudisha Maziwa

Wapendwa, leo nataka niwapandishe baiskeli. Mama zangu, kunjeni vitenge visiingie kwenye cheni. Wazee, shikeni kofia. Tunakwenda mbali, na njia yenyewe ni ya mchanga.

Kulikuwa na mtu katika mji mmoja wa huku kwetu magharibi, tumwite Mihayo. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, anauza misumari, bati, rangi, saruji. Mtu wa miaka hamsini na kitu, mwili mkavu, miguu ya chuma, maana tangu ujana wake hakuna alichokipenda kama kuendesha baiskeli. Na alikuwa mtoaji. Nawaambia, mtoaji! Paa la kanisa likivuja, Mihayo analeta bati. Msiba ukitokea mtaani, turubai la Mihayo ndilo la kwanza kufungwa. Harusi ya mtoto wa jirani, ng'ombe katoka kwa Mihayo. Ni wangapi humu wanatamani kanisa letu lipate Mihayo hata mmoja? Msinyooshe mikono, nawaona machoni.

Lakini alikuwa na jambo lake. Alikuwa hapokei. Hakuna mtu aliyewahi kumwona Mihayo akila kwenye sahani ya mwenzake. Ukimkaribisha chai, ametoka kunywa sasa hivi. Ukimpa lifti, daktari kamwambia atembee. Ule mwaka aliovunjika mguu, majirani walikuja kumpa pole na uji kwenye chupa. Kila mmoja akarudishiwa uji wake, na juu yake akapewa kilo ya sukari. Watu wakatoka pale wameinamisha vichwa, utafikiri wao ndio waliokwenda kuomba. Na ukimuuliza Mihayo kwa nini yuko hivyo, jibu lake lilikuwa lilelile: "Sipendi kumsumbua mtu."

Maneno mazuri, siyo? Yana adabu. Hata mimi nikiyasikia naona huyu kalelewa.

Basi watoto wake walipokua wakaweza kusimamia duka, Mihayo akasema sasa nafanya lile nililolitaka siku zote. Nitaendesha baiskeli mpaka Ziwa Tanganyika kwa njia ya zamani, ile ya msituni, halafu nirudi kwa njia hiyohiyo. Hakuwa na shida huko. Hakuwa na mgonjwa wala shamba. Alitaka tu kuiona nchi kwa mwendo wa pedali. Watu wakamwambia, "Mzee, njia ile haina gesti, haina duka. Vijiji vyenyewe vimeachana kama meno ya bibi kizee. Utalala wapi? Utakula nini?"

Akawajibu, "Ndiyo maana nabeba changu."

Na alibeba! Nyuma ya baiskeli alifunga hema, blanketi, jiko la mafuta ya taa, sufuria, mchele, maharage, dagaa, sukari, majani ya chai. Kushoto dumu la maji, kulia dumu la maji. Mbele kwenye usukani akaning'iniza mfuko wa viazi. Mkewe, Kalunde, alisimama mlangoni akaitazama ile baiskeli, akaizunguka, akasema, "Baba Limi, umebeba kila kitu. Umesahau nyumba tu."

"Nyumba si ndiyo hili hema?"

"Lakini huko njiani kuna watu, Baba Limi."

"Wapo," Mihayo akasema. "Sitawasumbua."

Akaondoka. Jamani, alifurahi mtu yule! Nyie mliowahi kuendesha baiskeli asubuhi kabla jua halijakasirika mnajua ninachosema. Mashamba ya tumbaku yakapita, miembe ya dodo ikapita, nyumba zikaanza kupungua, na mbele yake ule msitu wa miti ya miyombo ukaanza kufunguka. Kwenye mteremko aliachia breki akaimba besi ya kwaya peke yake, kwa sauti ambayo kanisani hakuwahi kuitoa. Kwenye mlima alishuka akasukuma, jasho likamtoka, akacheka.

Jioni ya siku ile, jua limeanza kuwa jekundu, akafika mahali ambapo msitu unaanza kweli. Pale pembeni ya njia palikuwa na boma la wafugaji, mke na mume, na mbali kidogo maboma mengine mawili matatu yametawanyika. Mume anaitwa Luhende, mke anaitwa Minza. Yule mama alipomwona tu mtu wa baiskeli anakuja, akatoka mbio mpaka njiani. Mbio, wapendwa! Anajifuta mikono kwenye kitenge, anamsalimu kwa kilugha chao.

"Mwadila, baba! Karibu, karibu sana. Jua limeshatua, huko mbele hakuna watu. Lala hapa."

Tayari kigoda kilikuwa mkononi mwa mumewe, kimefutwa vumbi.

Mihayo akasalimia vizuri. Kisha akasema, "Asante sana, mama. Mimi nina kila kitu. Nitaomba tu niweke hema langu pale nje ya ua, nisiwasumbue."

"Usumbufu gani? Nyumba ipo. Chakula kipo jikoni."

"Msihangaike, mama. Nimejitosheleza."

Akaenda nje ya ua, akasimamisha hema lake, akawasha jiko lake, akapika wali wake. Na wale wenye boma wamekaa mlangoni kwao wanamtazama mgeni wao akijipikia. Baada ya muda Luhende akaja ameshika kibuyu cha maziwa kwa mikono miwili. Alikiweka pale mbele ya hema akarudi. Mihayo akakitazama. Kilikuwa kimejaa mpaka shingoni. Akafikiri, watu hawa ni maskini, niwanywee maziwa yao? Akakiinua hivyohivyo kilivyojaa, akachukua paketi ya majani ya chai akaiweka juu, akakirudisha mlangoni.

Luhende akapokea. Akauliza kwa sauti ya chini, "Maziwa yetu yana nini, ndugu yangu?"

"Hayana kitu kabisa! Sipendi tu kuwasumbua."

Minza akageuka. Aliingia ndani. Na asubuhi, kabla ng'ombe hawajatoka, Mihayo akafunga mizigo yake akaondoka bila kuwaamsha, akawaachia sukari langoni. Akakanyaga pedali huku moyo wake mweupe, akijiona mtu mwema.

Alikuwa mwema? Ngojeni. Msijibu haraka.

Njia ikaingia msituni. Mbung'o wakaanza kazi yao, wanamchoma mgongoni kupitia shati. Mchanga ukamzidi, akawa anasukuma zaidi ya kupanda. Jua lilipofika utosini akafika kwenye korongo la mto uliokauka. Akaegemeza baiskeli kwenye mti, akashuka korongoni kuchimbachimba mchangani kama atapata maji ya kunawa uso. Alipokuwa amepiga magoti kule chini akasikia kelele juu. Kelele za kugombana, kama watu sokoni.

Akapanda mbio. Nyani!

Ukoo mzima, na wajomba na mashangazi. Mmoja kapasua mfuko wa mchele anautupa hewani kama kwenye harusi. Wawili wanavutana kiazi. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni ameketi kwenye sufuria, katulia kabisa, anachagua dagaa mmojammoja. Dume kubwa limeng'ata dumu la kwanza, maji yanatoka, likaona mchezo mzuri, likaling'ata na la pili. Mihayo akapiga kelele, akarusha mawe. Wakapanda mitini na vitu vyao. Maana sasa vilikuwa vyao. Na yule wa mwisho alipanda na hema. Lilimfuata nyuma matawini likipeperuka kama shela la bibi harusi, mpaka likapotea.

Walipokwisha kuondoka, Mihayo alikagua kilichobaki. Nyani walikuwa wamemwachia jiko la mafuta ya taa, pampu ya baiskeli, na kipande cha sabuni. Maji yote yalikuwa yamenywewa na mchanga.

Sasa nauliza, wewe ungefanya nini? Nyuma kuna boma la Luhende, anapajua, anaweza kufika. Mbele hajui kuna nini. Mtu mwenye akili anarudi, siyo? Lakini Mihayo alisimama na ile baiskeli akauona uso wa yule mama mlangoni, akaona heri simba. Akaenda mbele.

Akaenda. Mate yakakauka. Ulimi ukawa mzito mdomoni kama si wake. Alianza kuona maji barabarani, akifika ni mwanga tu. Akaanguka na baiskeli mara moja, akakaa pale chini kivulini, na kwa mara ya kwanza katika safari ile akaogopa. Akafikiri juu ya Kalunde. Akafikiri kwamba mtu anaweza kufa mahali hapa, na nguo zake zikakutwa na warina asali baada ya masika.

Na ni warina asali aliowafikiria waliomwokoa, maana alipoinua macho aliona moshi. Moshi mwembamba, si mbali, kati ya miti. Akajikongoja.

Ilikuwa kambi. Wanaume wanne, kibanda cha nyasi, mizinga ya magome imelazwa, ndoo za asali zimefunikwa kwa majani. Na chini ya kibanda, wapendwa, mtungi wa maji, ubavu wake umelowa kwa ubaridi. Mkubwa wao aliitwa Kasele, mzee mwembamba mwenye macho ya kucheka.

"Karibu, karibu," Kasele akasema. "Umetokea wapi na baiskeli huku?"

Mihayo akashika usukani asianguke. Mnajua alisema nini? Mtu anakufa kiu! Alisema, "Habari za kazi, wazee wangu. Samahani, mnauza maji?"

Wakatazamana.

"Tunauza asali," Kasele akasema. "Nta pia tunauza. Maji hatuuzi."

"Nina hela hapa." Akazitoa mfukoni.

"Tunaziona. Hela nzuri, kazitumie mjini. Maji ya hapa yanaombwa tu, mzee."

Mihayo akasimama. Mtungi ule pale. Kati yake na mtungi hakuna mto, hakuna simba, kuna neno moja tu. Na neno lenyewe halikuwa kinywani mwake. Alikuwa amelisikia maisha yake yote, limesemwa dukani kwake kila siku na watu wa kila namna, lakini yeye mwenyewe hakumbuki mara ya mwisho kulitamka.

"Na... naomba maji."

Kasele akaweka kiganja nyuma ya sikio. "Umesemaje? Nyuki wamenitoboa masikio."

"Naomba maji!" Mihayo akapiga ukelele mpaka ndege wakaruka mtini.

Basi wale wanaume wakacheka! Kasele mwenyewe akamchotea, akamshikia kata, akamwambia polepole, polepole. Mihayo akanywa, akapumua, akanywa tena. Maji yakamtiririka kifuani. Na yeye akaanza kucheka, hajui anacheka nini.

"Na chakula?" Kasele akauliza.

"Naomba na chakula."

"Na pa kulala?"

"Naomba na pa kulala. Nyani wamenimaliza, ndugu zangu. Wameniachia sabuni!"

Hapo mmoja wao ilibidi ashike mti asianguke kwa kicheko. Wakampa michembe, vile viazi vilivyokaushwa, imechemshwa na karanga, na asali bado ina masega ndani. Wakamwuliza ana habari gani za mjini, akawaambia. Wakaimba, akawafundisha besi. Alilala kwenye nyasi, mguu wa mtu huku, mguu wa mtu huku, akalala kama mtoto mchanga.

Asubuhi wakamjazia maji, wakamfungia michembe. Kasele akamwambia, "Usiende kama mtu asiye na kwao. Ukivuka mbuga utakuta kijiji chenye msikiti wa matofali mabichi. Uliza nyumba ya shehe. Mwambie Kasele anakusalimu, na mguu wake umepona."

Na hivyo ndivyo Mihayo alivyoipata njia ya kweli ya msitu ule. Kumbe njia haikuwa ya mchanga tu, ilikuwa ya watu. Shehe aliposikia mguu wa Kasele umepona alimshukuru Mungu kwa sauti mpaka mkewe akatoka nje. Akachinja jogoo, akamkalisha Mihayo kwenye mkeka wake mwenyewe. Kesho yake akamtuma mbele kwa nesi wa zahanati moja ya upweke, na salamu kwamba binti aliyemzalisha anaendelea vizuri. Nesi hakuwa na chumba cha wageni, akamlaza kwenye kitanda cha kujifungulia, akamwambia, "Usiponiita usiku, baba, nitashukuru sana." Nesi akamtuma kwa wavuvi wa bwawa. Wavuvi wakamtuma kwa mwalimu. Kila alikofika alikuwa mikono mitupu na mdomo umejaa salamu, na kila alikofika watu walikusanyika, maana habari za jirani zilikuwa hazijafika kwa miezi. Alipoliona ziwa, wapendwa, alikuwa amenenepa! Mkanda ulikuwa umerudi tundu moja nyuma. Mtu kaondoka na mizigo yake akiwa mwembamba, kanyang'anywa vyote na nyani, kafika mnene!

Akaogelea ziwani. Akatumia ile sabuni. Kisha akageuza baiskeli.

Njia nzima ya kurudi, kila alipokaribishwa, alikuwa akikumbuka kile kibuyu. Akaona haya. Akasema, nikifika kwa Luhende nitaomba kila kitu mpaka wanichoke, tutacheka kama tulivyocheka kwa Kasele, na mambo yataisha. Akayapanga maneno yake pedali kwa pedali.

Akafika mchana, jua bado liko juu. Akakuta mkokoteni wa ng'ombe langoni, umepakiwa. Magunia, vyungu, vigoda vimefungwa kamba, kuku wamefungwa miguu juu ya mzigo. Luhende anakaza fundo.

"Hodi hapa!" Mihayo akaita kwa furaha.

Luhende akageuka. Akamtazama sana. "Wewe ndiye mtu wa hema."

"Ndiye mimi. Nina njaa, ndugu yangu! Naomba chakula, na maziwa naomba, na pa kulala naomba."

Hakuna aliyecheka. Minza alikuwa anatoka ndani na kapu kichwani. Alilishusha chini taratibu.

"Unaomba chakula hapa?" akasema. "Kwangu mimi?"

"Kwako, mama."

"Huko njiani hukuambiwa?"

"Niambiwe nini?"

Yule mama akamtazama mumewe. Luhende ndiye aliyesema. Alisema hivi. Mwaka jana mzee mmoja wa maboma yale, mgonjwa wa siku nyingi, alipita kwao akala, na kesho yake akafa. Alikuwa na umri wa kufa na ugonjwa wa kufa. Lakini mtu mmoja akanong'ona kwamba mkono wa Minza si mkono mzuri. Mwingine akanong'ona. Tangu siku ile hakuna jirani aliyeonja kitu kwao. Wakipika msibani, chungu chao kinabaki kimejaa. Watoto wakipita wanafundishwa kuziba pua.

"Siku ulipokuja," Minza akasema, "nilikuona kwa mbali nikasema, huyu ni mtu wa mbali. Huyu hajui. Huyu atakula." Akakaza kitenge kiunoni. "Nilikiosha kile kibuyu mara mbili. Ukakirudisha. Nikajua habari zangu zimeshafika hata mjini."

"Na sukari uliyoiacha hatukuigusa," Luhende akasema. "Tulidhani ni dawa ya kujikinga na sisi. Tukakaa tukafikiri, tukasema basi. Tuhame."

Wapendwa, mnasikia? Mtu hakutukana. Hakuiba. Hakumsumbua mtu. Alikuwa na adabu zake zote, na kwa adabu hizohizo amewaondoa watu kwenye nyumba yao.

Mihayo akalaza baiskeli chini. Maneno yake yote ya njiani yakayeyuka. Machozi yakamtoka, na hakuyafuta. Kisha hakuomba msamaha kwa hotuba. Alikwenda kwenye mkokoteni, akashika lile fundo la Luhende, akaanza kulifungua.

"Mama," akasema, "sufuria ya ugali iko gunia gani?"

"Baba, sisi tunaondoka."

"Mtaondoka nikishashiba. Sijala tangu asubuhi. Iko gunia gani?"

Minza akasimama. Akautazama mkokoteni. Halafu akaja mwenyewe, akalisukuma gunia la juu, akaitoa sufuria.

Mihayo hakukubali kukaa ndani. Aliomba kigoda chake kiwekwe nje, kando ya njia, pale wanawake wa maboma mengine wanapopita kutoka kisimani. Ugali wa mtama ukaja, nsansa ikaja, ile mboga ya majani ya kunde yaliyokaushwa, imepikwa na karanga. Maziwa yakaja. Akala mtu yule! Akanywa mpaka akaota masharubu meupe. Akaomba aongezwe. Akapita mama mmoja na ndoo kichwani, anaitwa Holo. Akasimama ghafla maji yakamwagika.

"Mgeni! Unajua unakula wapi?"

"Najua, dada yangu. Nakula kwa Minza. Na hii ni sahani ya pili."

Holo akaenda mbio. Kesho yake asubuhi akarudi, ndoo anayo lakini hana haja ya maji, amekuja kuangalia maiti. Akamkuta Mihayo amekaa njiani anaziba pancha, anaimba besi. Akaondoka. Jioni akarudi tena. Mihayo alikuwa anakula. Safari hii Holo alishusha ndoo yake. Akasogea.

"Hiyo nsansa," akasema, "imetiwa nini hata inanukia hivyo?"

"Mimi sijui kupika," Mihayo akasema. "Kaa umwulize mwenyewe."

Holo akakaa, nusu kigoda, tayari kukimbia. Akamega tonge dogo. Akalichovya. Akalitazama. Na Minza amesimama mlangoni, hapumui, macho yake yanafuata ule mkono mpaka mdomoni.

Holo akatafuna. Akameza. Akasema, "Chumvi imepungua kidogo."

Minza akajifunika uso kwa kitenge, mabega yakatikisika, na kutoka ndani ya kile kitenge kikatoka kicheko. Alicheka na kulia. "Chumvi ipo," akasema, "chumvi ipo tele, shoga yangu, nakuletea!" Na Luhende alikwenda kwenye mkokoteni akaanza kufungua kuku miguu. Mmojammoja wakaruka chini, wakakung'uta mabawa, wakatawanyika uani.

Sasa tushuke kwenye baiskeli, tuongee sisi kwa sisi.

Kila Jumapili nasimama hapa nawaambia toeni. Na mnatoa, Mungu awabariki. Lakini leo nauliza kitu kingine. Nani humu anajua kupokea? Maana anayetoa siku zote, mkono wake uko juu siku zote. Anakaa juu, anatazama vichwa vya watu. Tunasema "sipendi kumsumbua mtu", na mara nyingine ni adabu kweli. Lakini mara nyingine maana yake ni kwamba sitaki kuwa na haja na wewe. Chako hakinitoshi. Na yule unayemwambia hivyo anasikia. Anaingia ndani kimya.

Bwana wetu hakuwa hivyo. Aliyeumba mito alikaa kisimani amechoka, akamwomba maji mwanamke ambaye majirani walikuwa wakimkwepa. Alikosa maji, au alijua nani ana kiu ya kuombwa? Alijikaribisha mwenyewe kwa mtu aliyechukiwa na mji mzima, akala kwake mchana kweupe. Tunasoma hayo, tunasema amina, kisha tunatoka hapa tunapita nyumba fulani tunazozijua. Kila mtaa unayo. Nyumba ambayo watu wakienda wanapeleka msaada, lakini hakuna anayekaa kula. Yupo mama anayeosha glasi za wageni ambao hawaji. Na baadhi ya wenye nyumba hizo wamekaa humu leo, kwenye mabenchi haya, wanatoa sadaka kama nyinyi.

Kwa hiyo wiki hii siwatumi mkatoe. Nawatuma mkaombe. Nenda kwa yule uliyezoea kumpa, mwambie nimekuja kula.

Na nitaanza mimi. Mama Mchungaji amesafiri tangu Ijumaa, nyumbani jiko ni la baridi, na mchungaji wenu ana njaa. Wazee wa kanisa, mikono chini, nyinyi nimeshakula kwenu sana. Naomba chakula cha mchana. Nasubiri.

Naona mkono. Kule nyuma kabisa, karibu na nguzo. Inua juu zaidi, mama, usiogope. Umepika nini leo? Sema kwa sauti, wasikie wote. Kisamvu? Kisamvu na nini? Basi, ongeza maji kwenye sufuria, maana naona na mzee wa zamu naye ananyanyuka, na dada zangu wa kwaya wale wawili. Tunakuja. Tusimame tuombe, tusichelewe.